Ngozi Haikurudi Kemambo

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu Robhi, hata nikiwa nachagua mawe kwenye mtama, hata nikiwa kanisani wenzangu wanaimba. Siku hiyo baba yangu mzazi, babu yako Nyamhanga, alisimama mbele ya zahanati kule Ringwani, fimbo mkononi, akamuuliza daktari kijana swali moja: "Ngozi iko wapi?" Daktari akatutazama, baba na binti yake, asielewe kitu. Mimi nilielewa. Nilikuwa nimejifunga khanga kifuani, maziwa yanachuruzika na hakuna wa kuyanyonya.

Sasa kaa chini. Ndiyo, najua gari linakuja kesho kukuchukua uende Machochwe kukusanya sampuli za watoto, na begi bado hujafunga. Begi halina miguu, litakungoja. Kaa.

Juzi ulipofika hapa Kemambo ukatuonyesha kwenye simu maandishi ya Kizungu yenye jina lako juu, baba yako alipiga kelele mpaka majirani wakadhani ng'ombe wameibiwa. Mbuzi akachinjwa. Ukatueleza kwamba umeandika juu ya virusi vinavyowashambulia watoto wadogo, vinavyowaharisha na kuwatapisha mpaka wanakauka, na kwamba maandishi hayo yamechapishwa na yanasomwa na wataalamu wa nchi nyingi. Wanawake wakapiga vigelegele. Ukaniona mimi nimeinuka, nimekwenda nyuma ya jiko, ukadhani shangazi ana wivu. Usibishe, nilikuona usoni! Mwenye kovu usidhani kapoa, mwanangu. Ulipotaja kuhara na kutapika na kukauka, nilimwona Mwita.

Mwita ni nani? Ndiyo, uliza. Jana ulisikia jina lake tu; kabla ya hapo hukuwahi kuambiwa kwamba nilizaa. Katika boma hili jambo hilo halitajwi, na wewe umekua unanijua kama shangazi aliyeachika, anayelima kipande cha kaka yake na kugombana na kuku. Basi mimi nilikuwa na mume, jina lake Marwa, ng'ambo ya Mto Mara, huko Ringwani. Na nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Mwita, mnene, mwenye mashavu, anayecheka hata akikanywa. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika mguu wa kigoda. Akianguka anapiga makofi, kana kwamba kuanguka ndiyo kazi aliyotumwa.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, na upole wake ulinigharimu, kwa sababu boma lile liliongozwa na mama yake. Mama mkwe alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Aliniambia siku ya kwanza tu: "Hapa kwetu mwanamke haongei na mwanaume mgeni mahali pasipo na mtu." Nikasema sawa, mama. Kwani kulikuwa na ugumu gani? Hata kwa baba yangu ilikuwa hivyo hivyo.

Msimu ule ndipo alipokuja yule daktari. Alikuwa kijana, msomi, ametoka mbali, Kiswahili chake kizuri na laini mpaka tukamcheka. Alikuja na vichupa na sanduku la barafu, akatuambia pale zahanati kwamba anachunguza ugonjwa wa kuharisha kwa watoto, na kwamba kila mtoto anayehara angependa achukue choo chake kidogo akapime. Eeh! Wanawake tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mwanaume mzima, amesoma mpaka akamaliza, anatembea vijijini anaokota mavi ya watoto! Wengine wakasema ni mchawi. Yeye alicheka pamoja nasi, hakukasirika. Nasema haya ili ujue kwamba sikumchukia. Hata leo nikimkumbuka usoni, namkumbuka akicheka.

Haikupita siku nyingi Mwita akaanza kuhara. Kwanza tukasema ni meno. Halafu akatapika uji, akatapika maziwa, akatapika maji matupu. Nikambeba mgongoni nikampeleka zahanati. Daktari akamshika tumbo, akamvuta ngozi ya tumbo kidogo, ikachelewa kurudi mahali pake. Akanionyesha jinsi ya kuchanganya maji yaliyochemshwa na chumvi na sukari, nimnyweshe kijiko kwa kijiko, nisichoke. Akachukua choo chake kidogo. Akasema anahitaji kingine siku zitakazofuata, aone ugonjwa unavyokwenda, lakini nisihangaike kutembea na mtoto juani, atakuja mwenyewe kukifuata nyumbani. Unaona jinsi alivyokuwa na huruma. Balaa langu liliingia kwa mlango wa huruma.

Nilirudi nikachanganya yale maji. Mama mkwe akaja, akaangalia bakuli. "Mtoto anatoka maji, na wewe unamwongezea maji?" Akayamwaga majivuni. Nikachanganya tena kwa siri. Na kuhusu choo akasema neno zito zaidi. Alisema choo cha mtoto ni mwili wake, na mtu wa kutoka nje asipewe mwili wa mtoto wa Ringwani. Akaapa kwamba daktari huyo hatakanyaga pale.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wewe kesho utakapoweka mguu wako. Kwetu mgeni anaingia bomani kwa upande wa zizi. Anasimama pale, anapiga hodi, mwenye boma anatoka, anampa kigoda, anamsikiliza. Anasema ametoka kwa nani na amekuja kwa nini. Hata kama amekuja kwa jambo la mwanamke, hata kama amekuja kwa jambo la kuku, anakaa kwanza kwa mwenye boma. Daktari yule hakufanya hivyo. Alikuwa na kibali kutoka ofisi ya kata, chenye mhuri, akaona kinatosha. Na watoto wengine walikuwa wanamsubiri, hakutaka kuchelewa. Basi akawa anapita kwenye njia ya mihogo, anatokea nyuma ya jiko, anaita polepole, "Mama Mwita," nami natoka na kichupa nimekifunika kwa kona ya khanga, nampa, anaweka kwenye sanduku la barafu, anauliza mtoto anakunywa, anaondoka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayetokea nyuma ya jiko lako hakuponyi, mwanangu. Watu walimwona, kwani watu wa kijijini wana macho ya tai. Mtoto wa jirani alimwona, na mke wa shemeji yangu alimwona. Walichokiona ni mwanaume mgeni, kijana, msafi, anaita mke wa mtu kwa sauti ya chini nyuma ya nyumba, na mke anatoka na kitu amekificha kwenye nguo.

Mwita alikufa asubuhi, jua limetoka. Macho yake yalikuwa yamezama, akawa anatazama kidole changu tu. Nilikuwa bado na kijiko mkononi. Nikamwambia, kunywa baba, kunywa mwanangu, na maji yakatiririka pembeni ya mdomo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo, usiniulize.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Hata udongo haujakauka, mama mkwe akatoka mbele ya watu, akasema kwamba mtoto amebemendwa. Unalijua neno hilo, ninyi wasomi mnalicheka. Maana yake nilikuwa nanyonyesha huku nikilala na mwanaume wa nje, na uchafu wangu ukamwingia mtoto akakauka. Nani mwanaume huyo? Kila mtu alikuwa na jibu. Nililia, nikasema ni daktari, alikuja kuchukua choo cha mtoto akapime. Lo! Hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe. Shemeji akacheka kwa nguvu, akamwambia mume wangu: "Mura, umesikia? Mwanaume anakuja kwa mwanamke kuchukua choo!" Mama mkwe akasema lisemwalo lipo. Marwa mume wangu alikuwa amekaa, anachora ardhi kwa kijiti. Nilimtazama nikisubiri ainue uso. Hakuinua.

Baba alipopata habari alivuka mto akaja kunichukua. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliniuliza jambo moja tu: "Yule mtu alichukua nini kwako?" Nikasema, tata, alichukua choo cha Mwita kwenye vichupa, akasema kitapimwa na kitasema mtoto anaumwa nini. Baba akasema, "Twende kwake."

Ndipo tukasimama pale mbele ya zahanati. "Ngozi iko wapi?" Daktari akasema, "Shikamoo mzee. Ngozi gani?" Baba hakuitikia hata marahaba. Akamweleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha shida, akichanganya na Kikurya pale kilipomwishia. Alisema sisi huku mtu anaweza kumpa mwenzake ng'ombe amfugie. Aliyepewa anakwenda naye mbali, anakunywa maziwa yake, hakuna tatizo. Ng'ombe akifa, aliyefuga analeta ngozi kwa mwenye ng'ombe. Hata kama ni mbali, hata kama mvua inanyesha, analeta. Mwenye ng'ombe anaitandaza, anaona alama zake, anajua: huyu ndiye wangu, hakuuzwa, hakuibiwa, amekufa kwa ugonjwa. Anaweza kulia, lakini hamshtaki mtu. "Wewe umechukua kitu cha mjukuu wangu," baba akasema. "Mjukuu amekufa. Binti yangu anaambiwa amemuua. Lete ngozi tuione."

Daktari alielewa, Robhi. Niliona machozi yakimlengalenga. Akasema, "Mzee, siwezi kusema nisichokijua. Sampuli zimekwenda Dar es Salaam. Majibu yakitoka nitakuja mwenyewe, nitawaambia."

Baba akasema, "Basi njoo sasa uwaambie kwamba hujui. Waambie ulikuja kwa ajili ya kichupa, hukuja kwa ajili ya mwanamke. Hilo unalijua leo, halihitaji kwenda Dar es Salaam."

Hilo ndilo neno ambalo nimelikumbuka miaka yote. Daktari akatazama gari lake, akatazama njia ya kwenda bomani kwa Marwa. Alikuwa amesikia kwamba vijana wa kule wanamtafuta kwa panga, na sidhani kwamba ulikuwa uongo. Aliogopa. Nani asingeogopa? Akasema, "Nitakuja mzee, nakuahidi, majibu yakiwa mkononi." Baba akamwambia ahadi ni deni, akanishika mkono, tukaondoka. Tukatembea mpaka mtoni. Hapo akaniambia, "Yule kijana si mwongo. Lakini hajui kwamba neno linaoza upesi kuliko nyama."

Hakuja. Tulisikia baadaye kwamba kazi yake ilikwisha, akarudishwa chuoni, halafu akapelekwa kusoma Ulaya. Ng'ombe wa mahari yangu walirudi Ringwani, na hao ndio baba yako angeolea, ndiyo maana alichelewa kuoa, mwambie akueleze akiwa na moyo. Marwa akaoa mwingine. Mimi nikarudi kwenye jiko la mama yangu. Alikuja mwanaume mmoja kunichumbia, akaambiwa mambo yangu njiani na watu wema, akageuza baiskeli. Wa pili hakutokea.

Na baba yangu, ee baba yangu! Kila gari lililopanda mlima huu alitoka nje. Lori la mahindi, anatoka. Gari la mapadri, anatoka, anaweka mkono juu ya macho. Mama akimwambia kaa ule, anasema, "Labda ni yule kijana." Watu wakaanza kumcheka, wakampa jina la Mzee Gari. Amekufa hivyo. Siku alipokuwa anakata roho ilipita pikipiki, akajaribu kuinua kichwa. Kawia ufike, wanasema. Wengine hukawia na hawafiki.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata padri. Kwamba nililala na yule daktari, hilo najua ni uongo, na Mungu anajua. Lakini binadamu akiambiwa neno kila siku, na hakuna wa kulikanusha, linamwingia. Nikaanza kujiuliza: mbona Mwita alizidiwa baada ya kile kichupa cha kwanza? Mama mkwe alinikataza. Alisema choo ni mwili wa mtoto. Je, kama alisema kweli? Je, kama nilimtoa mwanangu mwenyewe, kwa mkono huu, nikamweka kwenye barafu? Unacheka? Hucheki. Vizuri. Nimezeeka na swali hilo. Nalala nalo na kuamka nalo, na hakuna dawa ya shambani inayoliua.

Ndiyo maana jana nilikutajia jina la yule daktari, nikakuomba uangalie kwenye simu yako kama aliandika kitu. Ukashtuka, ukasema, "Shangazi, huyu ni mwalimu wangu! Huyu ndiye aliyetufundisha wote." Nikakaa chini. Kumbe yule kijana wa vichupa amekuwa profesa mkubwa, amezeeka kama mimi, amestaafu, na anaheshimiwa. Ukatafuta, ukapata andiko lake la zamani juu ya watoto wa wilaya ya Serengeti, iliko Ringwani, waliokuwa wanahara. Ukanisomea polepole, ukigeuza Kizungu kwa Kiswahili, na pale ulipokwama ukatumia Kikurya.

Ukasema aliona kirusi kwenye choo cha watoto wengi kati ya wale, kirusi kinachoingia tumboni kwa mikono na maji, kinachowapata watoto wa matajiri na wa maskini, hakiulizi mama amelala wapi. Ukasema kazi kama ile, yake na ya wenzake, ndiyo iliyowafanya wakubwa wakubali chanjo iletwe, na leo watoto wanadondoshewa matone mdomoni kliniki, ugonjwa ule umepungua. Nashukuru. Sikatai hata kidogo. Nawaona wajukuu wa jirani hapa wanapelekwa kliniki wanarudi wanalamba midomo, nami nafurahi, halafu nakwenda nyuma ya jiko.

Ndipo nilipokuuliza: "Wangu ni yupi?"

Ukaendelea kutelezesha kidole kwenye simu. Nikakuuliza tena, nikadhani hukusikia. Umesema watoto wengi walikuwa na kirusi, na wengine hawakukutwa na kitu. Mwita yuko upande gani? Ukaniambia, "Shangazi, hawaandiki majina." Nikakuambia basi mpigie simu mwenyewe. Ukampigia. Nikasikia sauti yake, sauti ya mzee, ile ile laini. Alisema anakumbuka Ringwani, anakumbuka mzee mwenye fimbo, anasikitika sana. Akasema majina yalikuwa kwenye karatasi, na karatasi zilichomwa kazi ilipokwisha, ndivyo utaratibu unavyotaka, ili kulinda siri za wagonjwa.

Siri zangu! Jamani, Robhi, siri zangu! Nani hakuzijua? Ringwani yote ilizijua, Kemambo yote ilizijua, yule mwanaume wa baiskeli alizijua. Siri iliyolindwa ni ile moja tu niliyoihitaji.

Ukanipa simu niongee naye. Nikakataa. Siyo hasira. Nilikuwa na la kumwambia gani? Baba yangu, aliyemdai, amelala chini ya ule mchongoma. Mama mkwe amekufa. Marwa amekufa msimu uliopita, naye sijui kama aliwahi kuinua uso. Hata ngozi ikija leo, itatandazwa mbele ya nani? Na ngozi yenyewe haina alama, haijulikani ni ya ng'ombe gani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Usilie. Au lia kidogo halafu ufute, maana sijamaliza.

Mwanangu, wewe unakwenda Machochwe na vichupa vyako, na sanduku lako la barafu zuri kuliko la mwalimu wako. Sikukatazi. Nenda. Lakini ukifika kwenye boma la mtu usipite njia ya mihogo, hata kama una mihuri ya serikali nzima. Pita upande wa zizi. Piga hodi, pokea kigoda, kunywa uji utakaopewa hata kama umeshiba, na umwambie mwenye boma mbele ya mama mkwe na mbele ya mke mdogo, wote wasikie, kwamba umekuja kuchukua choo cha mtoto na kwa nini. Wacheke mbele yako. Kicheko cha mbele yako hakiui mtu. Utachelewa, ndiyo. Chelewa. Mwalimu wako hakutaka kuchelewa, na mimi ndiye niliyelipa muda wake.

Na mtoto akifa, kwa sababu wengine watakufa hata ukifanya kila kitu, usikimbilie gari. Rudi pale. Kaa na mama yake hata kama huna jibu. Sema, "Sijui bado, lakini nilikuja kwa ajili ya kichupa." Ninyi mnadhani mtu akisema hajui anajiaibisha. Baba yangu aliomba hilo tu, akalikosa mpaka kaburini. Usisubiri uchapishe. Wazungu wataweza kusubiri, wana umeme na viti. Mama aliyezika hawezi kusubiri, kwa sababu siku ile ile udongo haujakauka watu wanaanza kusema.

Na jibu likitoka, lirudishe na jina lake. Usiniambie watoto wengi. Sikuzaa watoto wengi. Nenda kwa mama mmoja, kwa mlango wake, umwambie: wako, huyu uliyemwita hivi, alikuwa na kitu hiki, na si wewe. Kama sheria za chuo chenu zinakataza, gombana nao, wewe ni Mkurya au siyo? Kama huwezi kugombana nao, basi usichukue. Kinachochukuliwa kwenye zizi la watu kina ngozi yake.

Nimemaliza. Niletee mkono wako, hapana, huo wa kulia, ufungue. Nakutemea mate haya kiganjani kama alivyonitemea baba siku nilipovuka mto nikiwa bibi harusi. Mungu wa babu zako akutangulie mbele ya kila boma. Mbwa wasikubwekee. Maji ya mto yakupishe. Utakachochukua kirudi na jina lake, na utakachosema kisikilizwe na wenye masikio wakiwa bado hai. Uzae, na ulichozaa kikuzike.

Na gari likipita Ringwani, mwambie dereva asimame. Boma lile halipo tena, wameniambia sasa ni shamba la mahindi, lakini mtu yeyote mzee atakuonyesha ilipokuwa nyumba ya Marwa. Pita upande ule zizi lilipokuwa, hata kama sasa ni mahindi matupu, upige hodi. Halafu zunguka nyuma, simama hapo, umwite Mwita kwa jina, kwa sababu ni muda mrefu hakuna aliyemwita. Usimdanganye kwamba tumejua. Mwambie mama yake bado anauliza.